Je, anayetulia ni mimi au ni muziki?

#1 Ndege wa Alfajiri (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Kwa miezi 4 sasa nimekuwa nikiamka saa 10:40 alfajiri, kabla watoto hawajaamka, nikakaa juu ya mkeka kwa dakika 22 nikifanya taamuli. Sizitaji dakika 22 kwa kubahatisha, kwani ndio urefu wa kipande cha kanuni (ala ya nyuzi) na nai (filimbi ya mwanzi) ninachokisikiliza kwa sauti ya chini, kwa spika za masikioni, tangu siku ya kwanza. Nafumba macho, naifuata pumzi, na muziki unanibeba. Nilianza kwa sababu usingizi ulikuwa umenihama baada ya kubadilishiwa kituo cha kazi, na hali yangu leo ni nzuri mno kuliko ilivyokuwa.

Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku kucha na simu ikazima. Nikakaa kama kawaida bila muziki, nikiamini kwamba miezi 4 imekwisha kunijenga. Sikumaliza hata dakika 6. Mawazo yalinijia kwa wingi na kwa vurugu, nikainuka nimechoka kuliko nilivyokaa. Mtu mmoja mwenye uzoefu niliyemsimulia aliniambia bila kusita kwamba sijawahi kufanya taamuli hata siku moja, kwamba nilichokuwa nikifanya ni kusikiliza muziki nikiwa nimefumba macho. Maneno hayo yameniuma. Ninaomba mnijibu kwa moyo safi: muziki katika taamuli ni ngazi ya kupandia, au ni mkongojo unaoudhoofisha mguu uliokuwa mzima?

#2 Kimya Kingi

Dada, pole kwa maumivu, lakini ninadhani uliambiwa ukweli. Mimi niliketi kozi ya siku 10 ya vipassana, aina ya taamuli ya Kibudha, ya utaratibu wa S. N. Goenka, mwalimu aliyezaliwa Mandalay mwaka 1924 na kufariki mwaka 2013. Katika siku hizo huzungumzi na wenzako, husomi, huandiki na husikilizi muziki. Siku ya tatu nilianza kusikia kichwani mwangu nyimbo zote za redio za utotoni, mfululizo, kwa saa nyingi, bila kuziita. Hapo ndipo nilipoelewa sababu ya katazo. Kazi ya taamuli ni kuiona akili ilivyo, na muziki huifunika kwa shuka safi. Chumba kinapendeza machoni, lakini hakijafagiliwa. Ndiyo maana Buddha aliukataza muziki kwa kila anayetafakari.

#3 Muuguzi Mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi wodini kwa muda mrefu, na ningependa tuanze na mwili kabla ya kufika kwenye akili. Mwaka 2006 jarida la Heart lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Waliwasikilizisha watu 24 aina 6 za muziki, nusu yao wakiwa wanamuziki na nusu wasio wanamuziki, huku wakiwapima pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Muziki wa kasi uliviinua vipimo hivyo, na kasi ilikuwa na uzito kuliko aina ya muziki au mapenzi ya msikilizaji. Lakini jambo lililonifanya niukumbuke utafiti huo hadi leo ni kwamba katikati ya vipande waliweka kimya cha dakika 2, na katika kimya hicho vipimo vilishuka hata chini ya vilivyokuwa kabla ya muziki wowote kuanza.

Kwa hiyo, Ndege wa Alfajiri, ninakuuliza: kipande chako kinapokwisha, unafanya nini? Kama unainuka papo hapo kwenda kuwasha jiko, huenda unaiacha sehemu iliyo bora kuliko zote.

#4 Ndege wa Alfajiri

Shikamoo Bibi Muuguzi. Ninainuka papo hapo. Kwa kweli hata kabla hakijakwisha, kwa sababu nimekwisha kukikariri; nai inapoingia mara ya pili najua zimebaki dakika 3, na mawazo yangu yanakwenda kwenye chai na sare za shule.

#5 Sauti 432

Hakuna aliyegusa jambo la msingi, nalo ni marudio ya sauti. Muziki wa taamuli unapaswa kupangwa kwa hertz 432, ambayo ndiyo sauti ya maumbile. Hii ya 440 tuliyonayo leo iliwekwa na utawala wa Ujerumani ya Hitler ili kuwavuruga watu. Hakikisha kwanza kipande chako kimepangwa kwa kiwango gani, halafu utajua kwa nini hutulii bila hicho.

#6 Fundi Kanuni

Assalamu alaikum. Mimi hupiga kanuni hapa Unguja na kila siku nimo katika kukaza na kulegeza nyuzi, kwa hiyo Sauti 432 aniwie radhi nikimsahihisha. Kabla ya makubaliano, kila mji wa Ulaya ulikuwa na kiwango chake. Ufaransa iliweka 435 kwa sheria mwaka 1859. Kiwango cha 440 kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939, na shirika la viwango la ISO likakithibitisha mwaka 1955. Isitoshe, hertz ni hesabu ya mitetemo katika sekunde 1, na sekunde ni mgawanyo wa wanadamu. Maumbile hayana saa ya ukutani. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na joto la mchana likipanda zote huhama. Kama utulivu ungetegemea hertz 8 za tofauti, hakuna msikilizaji wa Unguja ambaye angetulia mwezi wa Februari.

Sasa nirudi kwa dada. Unavyokieleza kipande chako, ninaamini unachokisikiliza ni taksimu, yaani mpigaji anatembea peke yake ndani ya makamu (mpangilio wa sauti) bila mdundo wa kuhesabu. Hilo ni jambo kubwa. Muziki wenye mdundo unakuambia kitakachokuja, na mwili unaungoja, hata kidole cha mguu kinaungoja. Taksimu haikupi cha kungoja. Inasimama, inapumua, inaanza tena. Nadhani uliibeba pumzi ya mpigaji ukaifanya yako. Shida imekuja kwa sababu umeisikiliza taksimu ileile mara 100 na zaidi, na sasa imekuwa wimbo. Umeigeuza kuwa saa.

#7 Mama Pacha

Mwanzoni nilikuwa nasoma tu, lakini neno la Fundi kuhusu saa limenifanya niandike. Wanangu pacha walizoea bembelezi moja, na nikifika kwenye ubeti wa pili mmoja alikuwa amekwisha kulala. Siku nilipougua, dada yangu akawaimbia bembelezi nyingine nzuri kuliko yangu, na walilia hadi usiku wa manane. Si kwamba wimbo wangu ulikuwa na dawa. Mwili wao ulikuwa umefundishwa kwamba sauti hii maana yake ni kulala. Nadhani Ndege wa Alfajiri naye ameufundisha mwili wake hivyohivyo, na wala hana sababu ya kuona haya. Mbona hatumwambii mtoto kwamba hakulala, eti aliimbiwa?

#8 Kimya Kingi

Mama Pacha, mfano wako ni mzuri lakini unanisaidia mimi. Mtoto anafundishwa kulala. Taamuli ni kukesha ukiwa umetulia. Anayezama katika bembelezi amepoteza nusu ya kazi.

#9 Mpangaji wa Upanga

Naomba kumsahihisha Kimya Kingi kuhusu aliyoyasema #2, kwa heshima. Buddha hakuukataza muziki kwa kila anayetafakari. Katazo la kuimba, kucheza na kwenda kutazama michezo ni la watawa, na la walei wanaposhika maagizo 8 siku maalumu. Mlei wa kawaida hushika maagizo 5, na muziki haumo. Pia katika maandiko hayohayo kuna kisa cha Sona, mtawa aliyejitesa kwa bidii hadi nyayo zikatoka damu, ambaye kabla ya utawa alikuwa mpigaji hodari wa zeze la Kihindi. Buddha alimuuliza: nyuzi zikikazwa mno, chombo kililia vizuri? Zikilegezwa mno je? Kisha akamwambia bidii ya taamuli nayo ipangwe vivyo hivyo. Mwalimu alimfundisha mwanafunzi kwa sikio lake la muziki, hakulitupa.

Na tena ndugu yangu, katika kozi uliyoketi, hukuisikia sauti ya Goenka mwenyewe akiimba kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha, alfajiri?

#10 Kimya Kingi

Nimekubali sahihisho la maagizo, na ninakushukuru. Ni kweli pia kwamba mwalimu huimba, na sauti yake katika kanda ndiyo iliyokuwa ikifungua na kufunga vikao. Lakini tulifundishwa kwamba ni baraka na ni maneno ya mafundisho, si kiburudisho. Nia ndiyo inayotenganisha.

#11 Mwanachuo wa Lamu

Hapo kwenye nia ndipo nilipokuwa nikingoja tufike, maana sisi watu wa pwani tumekuwa na mjadala huu kabla ya simu na spika za masikioni. Waulize watu wa dhikri kama wanafanya muziki, watakataa, na wana haki. Hata hivyo sikio linasikia mahadhi, linasikia pumzi za watu 40 zikiingia na kutoka pamoja, linasikia sauti ikishuka hadi kubaki kifuani. Watu wa tarika ya Kadiria, ambayo Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, alikuwa miongoni mwa walioieneza sana pwani hii, huileta dhikri kwa sauti. Wanakshibandi, watu wa tarika nyingine, wanajulikana kwa dhikri ya moyoni, ulimi umetulia kabisa. Wote wawili wanasema wanaelekea mahali pamoja. Hapa kwetu Lamu, Habib Swaleh alipotia nguvu maulidi ya matari, walikuwapo wanazuoni waliompinga, na leo watu husafiri kutoka mbali kuja kuyasikiliza maulidi hayo msikitini Riyadha.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika sehemu nzima juu ya samaa, yaani kusikiliza nyimbo na mashairi kwa ajili ya roho. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba sauti haitii moyoni kitu ambacho hakikuwamo, bali huchochea kilichomo. Pia amenakili masharti ya waliomtangulia: wakati, mahali na wenzi. Dada amepata wakati, alfajiri. Amepata mahali, mkeka wake. Wenzi hana, na huenda kile kipande kilikuwa mwenzi wake. Sioni mtu anayelaumiwa kwa kutotaka kukaa peke yake gizani.

#12 Mto Ruzizi

Salamu kutoka Bukavu. Ninaongeza upande wa Wakristo, kwa kuwa watu wengi wanafikiri hatuna jambo hili. Jumuiya ya Taizé nchini Ufaransa, iliyoanzishwa na Bruda Roger mwaka 1940, inajulikana kwa nyimbo za mstari mmoja au miwili zinazorudiwa tena na tena, kisha kunafuata kimya kirefu. Walipofanya mkutano wao wa vijana Kigali mwaka 2012 wengi wa ukanda huu walizisikia nyimbo hizo kwa mara ya kwanza. Ninachotaka kusema ni kuhusu maneno. Wimbo wenye beti 5 unanilazimisha kufikiri, kwa sababu lugha ninaielewa na kila ubeti una habari mpya. Mstari mmoja ukirudiwa mara 30, maneno yanaacha kuwa habari. Ndivyo rozari ya bibi yangu ilivyokuwa: hatukusikia tena Salamu Maria moja moja, tulisikia mwendo. Kwa hiyo mimi nasema tusigombane kuhusu muziki na kimya. Tuulize kama kinachosikika kinaleta habari au hakileti.

#13 Muuguzi Mstaafu

Mto Ruzizi, umenikumbusha utafiti mwingine wa Bernardi huyohuyo, uliochapishwa mwaka 2001. Watu 23 wazima wa afya walisali rozari kwa Kilatini, na pia wakakariri mantra (maneno mafupi ya kurudiwa) ya Kibudha. Njia zote mbili zilipunguza kasi ya kupumua hadi karibu pumzi 6 kwa dakika, nao ni mwendo ambao moyo na mishipa hupatana vizuri. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupumua mara 12 na zaidi. Kwa hiyo bibi yako na mtawa wa Tibet walikuwa wakipumua pamoja bila kujuana.

#14 Fundi Kanuni

Basi jibu limepatikana: ni pumzi.

#15 Mwanachuo wa Lamu

Hapana, Fundi. Pumzi ni mlango. Bawabu anao ufunguo wa mlango lakini haimaanishi nyumba ni yake. Kama ingekuwa pumzi peke yake, kuhesabu mawimbi ufukweni kungetosha.

#16 Mtoto wa Pwani ya Bagamoyo

Ustadh, kunatosha! Nimekuwa nikifanya hivyo tangu nikiwa kijana, wakati wa maji kujaa, na sijawahi kulipia bando.

#17 Mpangaji wa Upanga

Mtoto wa Pwani umetufurahisha, lakini umetaja jambo kubwa kuliko unavyodhani, kwa kuwa kusikiliza kwenyewe kunaweza kuwa ndiyo taamuli. Pauline Oliveros, mtunzi wa Kimarekani aliyeishi kati ya 1932 na 2016, alishuka na wenzake mwaka 1988 ndani ya tangi la maji la chini ya ardhi, lililokuwa tupu, katika jimbo la Washington. Humo sauti moja ilidumu karibu sekunde 45 kabla ya kufa. Ukipiga noti mahali kama hapo huwezi kukimbilia nyingine. Inabidi uisikilize ya kwanza hadi mwisho, pamoja na za wenzako. Kutokana na kazi hiyo alijenga mazoezi yake ya kusikiliza kwa kina. Hapo muziki haumbebi mtu. Mtu ndiye anayeubeba kwa masikio yake, na akizembea unadondoka.

Wajapani nao walikuwa na watawa wa madhehebu ya Kibudha ya Fuke waliopuliza filimbi ya mwanzi iitwayo shakuhachi badala ya kukaa kimya, wakiita jambo hilo zen (taamuli ya Kibudha ya Kijapani) ya kupuliza. Serikali ya Meiji iliivunja madhehebu hiyo mwaka 1871, lakini vipande vyao vinapigwa hadi leo.

#18 Mjukuu wa Dodoma

Hilo la watawa wa filimbi limenigusa. Babu yangu alikuwa na ilimba, ala ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole, na jioni alikaa nyuma ya nyumba akipiga mzunguko mmoja kwa vidole gumba, mfupi, bila kuimba, hadi giza lilipoingia. Ukimwita hakuitika mara ya kwanza. Hakuwa akimpigia mtu, na wageni walipokuja alipiga vitu vingine kabisa, vya kuchangamsha. Hakulijua neno taamuli. Mimi nimeirithi ilimba hiyo, na ninaona tofauti kubwa kati ya kupiga na kusikiliza. Nikisikiliza, akili inatangatanga na muziki unaendelea bila mimi. Nikipiga, akili ikitoka tu, kidole kinakosea chuma, nami najua papo hapo kwamba nimeondoka.

#19 Mama Pacha

Bibi yangu naye alikuwa hivyo akitwanga. Alikuwa na mguno wake wa sauti mbili, na mchi ulifuata. Alituambia tusimsemeshe mpaka unga uishe.

#20 Mtoto wa Pwani ya Bagamoyo

Mama Pacha, alikuwa akitwanga mahindi au mtama? Nauliza kwa sababu mchi wa mpunga una mwendo tofauti.

#21 Kimya Kingi

Turudi kwenye mada, ndugu zangu. Ingawa nakiri kwamba hoja ya ilimba ni nzito, kwa sababu kidole kinachokosea kinafanya kazi ileile inayofanywa na pumzi kwetu: kinakurudisha.

#22 Sauti 432

Nimekubali yale ya historia, nimeyasoma na ninamshukuru Fundi. Bado ninasema kwamba sauti nyingine zina nguvu kuliko nyingine. Bakuli za Tibet zimetumika katika taamuli kwa karne nyingi, na mwenye shaka aziguse zinapolia.

#23 Mpangaji wa Upanga

Mtetemo wake ni wa kweli, ndugu, nami ninalo moja. Lakini umaarufu wa bakuli hizo kama chombo cha taamuli ulienea Magharibi baada ya albamu ya Henry Wolff na Nancy Hennings ya mwaka 1972. Ibada za watawa wa Tibet zinajulikana kwa baragumu, ngoma, matoazi na kengele za mkononi.

#24 Mjane wa Tanga

Nimesita kuandika. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Watu wema waliniambia nikae kimya, nifuate pumzi, na nilijaribu. Katika kile kimya kilichosifiwa hapa nilisikia mashine ya oksijeni kila siku, mlio uleule, na mara moja nilishindwa kupumua mwenyewe. Niliacha kwa miezi mingi. Kisha mtu akanipa kanda ya udi peke yake, bila mwimbaji, nami nikakaa nayo nikilia, dakika 10, kisha 15. Sasa silii kila mara. Wanaosema kwamba muziki hufunika, wanasema kweli. Mimi nilihitaji kufunikwa. Sidhani kama ningefika mahali pa kuandika haya bila hiyo shuka anayoitaja Kimya Kingi.

#25 Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, pole sana, na umefanya vema kusema. Naomba wote wasome aliyoyaandika kabla ya kumwambia tena mtu yeyote kwamba kimya ni bora kwa wote. Kwa aliyepitia jambo zito, kukaa kimya na kufumba macho kunaweza kuifungua jeraha, na si udhaifu wake. Macho yabaki wazi, muda uwe mfupi, na mtu wa karibu ajue anachokifanya.

#26 Kimya Kingi

Mama wa Tanga, ninaomba radhi. Niliandika kama mtu aliyepata kimya chepesi.

#27 Fundi Kanuni

Ndege wa Alfajiri, nikuachie zoezi moja ninalowapa wanafunzi wangu, ingawa kwao ni la muziki. Usizime muziki wako. Ukate uwe wa dakika 5, na mwishoni usikilize uzi wa mwisho unavyokufa, hadi usiweze kutofautisha kama bado unalia au ni sikio lako linaloukumbuka. Kisha baki hapo hapo. Usianze taamuli mpya. Endelea kuusikiliza mahali ulipokuwa. Na badilisha kipande kila wiki, kisigeuke saa.

#28 Ndege wa Alfajiri (baada ya wiki 3)

Nimerudi, na nawashukuru nyote, hasa Mama wa Tanga. Nilifuata zoezi la Fundi pamoja na kimya cha Bibi Muuguzi. Siku za kwanza kimya kilinishinda baada ya dakika 2, na mara moja tangazo la sabuni liliingia ghafla baada ya taksimu kwa kuwa sikuipakua, likaniharibia asubuhi nzima. Sasa nimeipakua. Wiki hii nimekuwa nikikaa karibu dakika 12 baada ya uzi wa mwisho.

Lakini jana limetokea jambo, na ndilo lililonirudisha hapa. Dakika ya saba au ya nane ya kimya, kile kipande changu cha zamani cha dakika 22, ambacho sijakisikiliza tangu tulipoanza uzi huu, kilianza chenyewe kichwani mwangu, chote, na nai yake. Sikukiita. Kilikuwa wazi kuliko kwenye simu. Sasa naomba mniambie: hapo nilikuwa nikifanya taamuli na muziki au bila muziki?

#29 Mwanachuo wa Lamu

Ghazali angekuambia kimechocheka kilichokuwamo.

#30 Kimya Kingi

Nami ningeuliza swali moja tu: ulikifuata, au ulikiacha kipite?

#31 Ndege wa Alfajiri

Nilikifuata hadi nai ilipoingia mara ya pili. Nikangoja zile dakika 3 za mwisho, hazikuja. Kilikatika hapohapo, nikabaki nimekaa, na jogoo wa jirani akawika.